Saruji ya Okwudili

Umuokpara,
12 Februari 1992

Kaka yangu Okwudili,

Pokea salamu za nyumbani kwa mikono miwili, kama unavyopokea kokwa ya kola ya kukaribishwa. Sisi wazima. Vumbi la upepo mkavu wa harmatani limetupasua midomo na watoto darasani wanakohoa kama wazee, lakini hakuna aliyelala kitandani. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri huko Lagos au tumbo lako umemwachia yule mwanamke wa mgahawani. Nimeandika alivyosema, usinigombeze mimi.

Nyumba yako imekwisha. Mafundi waliondoka juzi. Paa linang'aa mpaka macho yanauma, na ua mzima umemwagwa saruji, kuanzia getini mpaka ukuta wa nyuma, laini kama meza. Wanawake wa ukoo walikuja kuchungulia, mlinzi akawafukuza, eti amri ya bwana mkubwa, nyumba haijafunguliwa. Mama alisimama nje ya geti akalia kwa furaha. Alisema laiti baba yenu angeona.

Sasa nikueleze habari za korongo. Katika mvua za mwaka jana lilisogea hatua ishirini. Lilikula ghala la viazi vikuu la Nwafor na kipande cha njia ya shule. Nimepima kwa miguu yangu mwenyewe kutoka jiko la Mama mpaka ukingoni: hatua kumi na nane. Unakumbuka pale katikati kulikuwa na shamba zima la mihogo.

Lakini safari hii nina cha kukuchekesha. Rika jipya, wale vijana wa miaka kumi na sita mpaka ishirini, wanatakiwa wafanye kazi moja ya kijiji ndipo wapewe jina. Walikuwa wamekubaliana kununua kinyago cha kuchezea Krismasi. Nikaingia kwenye mkutano wao bila kualikwa, maana nusu yao niliwafundisha kusoma. Nikawauliza, "Mtacheza wapi? Hewani?" Wakacheka. Kisha Ndubisi wa Nwafor, yule ambaye ghala la baba yake limezama, akasimama akasema, "Mwalimu anasema kweli. Kinyago kinaweza kungoja, udongo haungoji." Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe wakalichukua korongo kuwa kazi yao.

Mpango wenyewe ni huu. Wapande mianzi na mikorosho ukingoni. Wafunge kamba yenye vitambaa vyekundu ili watoto wasisogee. Na kila nyumba ichimbe mashimo ya kutega maji ya paa na ya uani, maji yanywewe na ardhi hapo hapo badala ya kukimbilia korongoni. Maana kaka, korongo hili halikuletwa na shetani. Ni maji yetu wenyewe yanayoteremka.

Na ua wako ndio mkubwa kuliko zote, na uko juu ya mteremko. Maji yake yote yanatoka kwenye lile bomba chini ya ukuta, yanashika barabara, yanakwenda kuangukia nyuma ya jiko la Mama. Tunaomba tukate saruji mahali patano tu tuchimbe, halafu tufunike vizuri. Unajua desturi yetu: nyumba ambayo mwenyewe hajaifungua, hakuna anayepitisha jembe getini mwake, ila mwenyewe akiwa amekufa. Kwa hiyo tunahitaji neno lako tu, mstari mmoja kwenye karatasi.

Mvua kubwa zinaanza Mei. Tafadhali usichelewe.

Mdogo wako,
Ugoye


Lagos,
3 Machi 1992

Mdogo wangu Ugoye, mwalimu wa walimu,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi la kijijini. Mimi mzima, biashara ya spea inakwenda, goti tu linanisumbua kwa sababu ya kupanda ngazi za ghalani. Mwambie Mama nakula sana, na yule mwanamke wa mgahawani ameolewa, aache kunipigia kelele.

Umenifurahisha na habari za uwanja. Umeniudhi na yaliyofuata.

Ugoye, ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipomzika Baba, labda umesahau. Mimi sijasahau. Mvua ilinyesha siku ile, tope likafika vifundoni, wazee wenye vyeo wakakaa kwenye madawati ya shule tuliyoazima. Mmoja akateleza akakaa matopeni. Alipoinuka akasema, "Mtu huyu hata akifa anatuchafua." Watu wakacheka. Mbele ya jeneza, Ugoye, walicheka! Mama alikuwa amesimama karibu yangu, akasikia yote.

Siku ile niliapa mambo mawili. Kwamba sitarudi Umuokpara mpaka niende kuifungua nyumba yangu mwenyewe. Na kwamba siku hiyo hakuna kiatu cha mtu kitakachogusa tope kwenye ua wangu. Ndiyo maana nimemwaga saruji nene vile. Sasa wewe unataka wale wazee waje Krismasi wakute matundu kama uso wa mgonjwa wa ndui?

Baada ya Krismasi chimbeni hata kumi. Korongo lipo tangu enzi za babu, halitaondoka na kijiji kwa miezi tisa. Na hiyo ni kazi ya serikali, siyo ya watoto.

Wape vijana salamu. Waambie wakinunua kinyago nitawachangia.

Kaka yako,
Okwudili


Umuokpara,
28 Machi 1992

Kaka mpendwa,

Hujambo na goti lako? Mama amesema ulikande kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto na uache ngazi. Sisi hatujambo. Harmatani imekwisha, sasa ni joto tu.

Sikusahau siku ya kumzika Baba. Nilikuwa nimeshika sketi ya Mama. Sikutaka kukujibu kwa hasira, ndiyo maana nimekaa wiki mbili kabla ya kushika kalamu.

Njoo uone hawa watoto wanavyofanya kazi. Kila Jumamosi wanakusanyika shuleni na majembe. Akunna, binti mmoja mwembamba hivi, ndiye msimamizi, na anawaamrisha wavulana kama askari. Akikuta mtu amechelewa anamwambia, "Karibu mgeni, umekuja kututembelea?" Wamepanda mianzi safu tatu. Asubuhi wanapokezana kuwasindikiza watoto wa shule kwenye ile njia nyembamba. Nyumba arobaini na moja ziko juu ya mteremko, na nyumba arobaini zimechimba. Hata yule mzee aliyeteleza kwenye tope siku ya Baba amechimba matatu.

Unajua iliyobaki ni ya nani.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa Nwafor kumwomba achimbe la pili. Akaniambia mbele yao wote, "Mwalimu, mganga hajigangi, sivyo? Anza kwa kaka yako." Vijana wakatazama chini. Akunna peke yake ndiye aliyejibu, "Baba, mwalimu anamngoja kaka yake, wewe unangoja nani?" Akachimba. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimekosa hata hamu ya kula.

Najua unachotaka kwa ule uwanja. Tutafunika mashimo kwa vifuniko vya saruji, hakuna mzee atakayeona. Nakuomba.

Mdogo wako,
Ugoye


Lagos,
20 Aprili 1992

Ugoye wangu,

Heri ya Pasaka, wewe na Mama. Natumaini mmekula vizuri. Mimi nimeshinda kanisani nikisinzia.

Nimeifikiria barua yako usiku na mchana, usiseme kaka yako ana moyo wa jiwe. Na nimepata dawa. Mafundi watano wanakuja na lori la saruji. Watamwaga kuanzia bomba langu mpaka chini barabarani, mfereji mzima wa saruji, mpaka karibu na korongo. Udongo ukifunikwa, maji yatauchimba wapi? Hata vijana wako wakanyage pakavu! Gharama ni yangu, kijiji kisitoe hata kola moja.

Sasa mwambie huyo Nwafor kama mganga hajigangi.

Mama akae kwa amani.

Kaka yako anayekupenda,
Okwudili


Umuokpara,
9 Juni 1992

Kaka,

Salamu. Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongopa.

Mafundi wako walikuja. Nilisimama mbele yao barabarani nikiwa na chaki mkononi, nimetoka darasani mbio, nikawaambia wasimwage. Ndubisi na wenzake wakakaa chini mbele ya lori. Msimamizi wa mafundi akacheka akatoa barua yako. Wazee wa ukoo wakaja, wakasema mwana wa kwanza ametuma saruji, nani anakataa saruji? Wakawaondoa vijana kwa fimbo. Mfereji ukajengwa kwa siku nne, na watu wakakusifu.

Kaka, zamani maji yako yalikuwa yanateremka barabarani yakipotea njiani, mengine yanaingia kwenye mchanga, mengine kwenye nyasi. Sasa hayapotei hata kidogo. Yanateremka kwenye saruji kama kitu kilichotumwa, na pale saruji inapoishia yanaruka. Mvua ya tarehe 23 Mei ilidumu kwa saa mbili tu. Safu zote tatu za mianzi zilikwenda, na kamba na vitambaa vyake. Zile Jumamosi zote! Akunna alikuwa amesimama pembeni analia kwa sauti kama mtoto mdogo, na hakuna aliyemcheka.

Kutoka jikoni mpaka ukingoni sasa ni hatua tisa. Ukuta wa jiko una ufa ambao kidole changu kinaingia.

Walikuwa vijana sitini na wawili. Jumamosi iliyopita walikuja kumi na saba. Wengine wamerudi kwenye habari za kinyago. Mvulana mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, tunakinga maji kwa kijiko wakati ndoo nzima inamwagwa, au siyo?" Hao kumi na saba wanajaza viroba vya udongo na kuviweka chini ya mfereji. Mvua inavisomba, wanajaza vingine.

Mama hataki kuhama. Nimemwomba aje kwangu kwenye nyumba ya walimu, akasema akihamia kwa binti watu watasema mwanawe hana nyumba. Nikamwambia basi tuombe akae kwako. Akasema ataingia humo siku utakapomfungulia mlango kwa mkono wako.

Mpe dereva jibu palepale anapokupa barua hii. Ni mstari mmoja tu.

Ugoye, mdogo wako


Umuokpara,
17 Julai 1992

Kaka Okwudili,

U mzima? Mwezi na zaidi hujajibu. Dereva anasema alikukabidhi mwenyewe mkononi. Kama ni goti, sema. Kama ni biashara imeharibika, sema, hatutapunguza kukupenda.

Hatua sita.

Vijana walikwenda kwa wazee wa ukoo kuomba ruhusa ya kuingia kwako bila neno lako. Akunna ndiye aliyesema, na alisema vizuri. Wazee walianza kulegea. Mzee mmoja akasema, "Labda tuliangalie jambo hili." Ndipo Mama akainuka. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe na fimbo yake. Akasema, "Kuingia ua wa mwanangu bila yeye ni kumtangaza maiti. Hakuna jembe litakalopita geti lile nikiwa hai." Akaketi. Wazee wakafunga baraza.

Nilimfuata njiani nikamwambia, "Mama, unajua unalolilinda?" Akaniambia nisimfundishe kazi ya kuwa mama.

Jibu, kaka.

Ugoye


Lagos,
2 Agosti 1992

Ugoye,

Natumaini barua hii itawakuta salama.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo umechafuka. Mtu wa kijijini kwetu alipita dukani wiki iliyopita, akaniambia vijana wako wana wimbo wanaouimba wakibeba viroba. Wananiita "baba mlisha korongo". Mimi! Niliyewasomesha wawili kati yao! Nami nilituma saruji ya lori zima kwa kijiji ambacho kilimcheka baba yangu kaburini.

Ndiyo maana sikujibu. Nilijua nikijibu nitaandika maneno ambayo ndugu hawaandikiani.

Sikiliza. Mvua zinakatika Agosti, kama kila mwaka. Mama ahamie kwa Mjomba Ezeokoli kwa wiki chache, kwa mjomba si kwa binti, hakuna atakayesema neno. Krismasi nakuja na ng'ombe wawili, nafungua nyumba, Mama anaingia na kanga mpya, basi. Haijabaki hata miezi mitano. Enzi zile watu walivumilia vita kwa miaka mitatu, nyinyi mnashindwa miezi mitano?

Na wimbo huo ukome.

Kaka yako,
Okwudili


Umuokpara,
30 Agosti 1992

Kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu nimepiga magoti, na si maneno ya barua, kweli niko chini, naandikia juu ya kitanda cha Mama yeye akiwa amelala mchana. Amedhoofika kidogo. Anakohoa. Kwa Mjomba Ezeokoli amekataa, anasema mjomba ana wake wawili na kelele tatu.

Wimbo nimeukomesha. Nisamehe, ulianza kwa utani na mimi sikuuzuia mapema. Walikuwa na hasira, na niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nayo.

Mvua zilikatika Agosti kama ulivyosema. Tulifanya kazi kila siku, si Jumamosi tu. Baadhi ya waliotoroka wamerudi, sasa wamefika thelathini na wanne. Wamepanda mianzi mipya, ila haijashika mizizi. Juzi mawingu yalirudi upande wa mto, na jana jioni ikanyesha. Unajua mwenyewe mvua za Septemba zilivyo hapa kwetu.

Hatua nne, kaka. Usiku nikilala hapa kwa Mama nasikia udongo unavyoanguka kule chini, kipande kimoja kimoja.

Nyuma ya karatasi hii vijana wote thelathini na wanne wameweka dole gumba, hata wanaojua kuandika, kwa sababu Akunna alisema wino wa dole hauna kiburi. Hawadai kitu. Hawataki hata jina la rika tena. Wanachotaka ni mashimo matano. Watakurudishia uwanja wako kama ulivyokuwa, nami nitakatwa mshahara mpaka nizeeke kama hautang'aa.

Nilipokuwa mdogo ulinibeba mgongoni kuvuka mto kila siku ya soko, ukaniambia nifumbe macho nisiogope. Sasa nimeyafumbua na naogopa sana. Nisaidie.

Mdogo wako,
Ugoye


Lagos,
14 Septemba 1992

Ugoye mdogo wangu,

Nakusalimu. Mama naye msalimu, mwambie namwomba msamaha, nitamwomba na kwa mdomo.

Barua yako ya dole gumba niliiweka mfukoni wiki mbili. Nilijiambia ni ujanja wa Ugoye, anajua kuandika. Leo asubuhi amekuja dereva wa lori la mihogo kununua pampu, hatujuani, hajui mimi ni mtoto wa nani. Akawa anawasimulia vijana wangu wa dukani. Akasema amepita kijiji fulani kule Anambra, ameona bibi kizee amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko lake, mvua inanyesha, ameshika mwavuli uliovunjika fito, na mbele ya miguu yake hakuna ardhi. Akasema juu tu ya mteremko kuna jumba jipya limefungwa, halina mtu. Vijana wangu wakacheka, wakasema, "Mwenye jumba hilo hana mama?"

Ugoye, nilimwuzia ile pampu, nikafunga duka, nikashika kalamu.

Vunjeni. Barua hii iwe ruhusa yangu mbele ya wazee wa ukoo. Mimi Okwudili, mwana wa kwanza wa baba yangu, niko hai na akili zangu timamu, nawapa vijana wa rika jipya ruhusa kupita geti langu na majembe na nyundo, wakate saruji popote mwalimu Ugoye atakapoonyesha, wachimbe wanavyotaka. Matano, kumi, uwanja mzima kama wanataka. Na ule mfereji wangu wa kijinga uvunjwe. Mlinzi akibisha, msomee.

Sitasubiri Krismasi wala ng'ombe. Nimalize mzigo ulioko bandarini, nipande basi la Ijumaa ya tarehe 25, Jumamosi niko nyumbani. Mama alale ndani ya nyumba kuanzia leo, asinisubiri mimi, mwambie ndiyo nimefungua.

Waambie vijana wauimbe wimbo wao. Nimeustahili.

Kaka yako,
Okwudili


Umuokpara,
22 Septemba 1992

Kaka yangu,

Barua hii nimempa dereva ili akukabidhi pale Onitsha ukishuka kubadili gari, nimemwapisha. Sitaki ufike hapa ukicheka. Kabla hujasoma zaidi, kaa chini mahali.

Mama hayupo tena.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17. Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Vijana walikuwa wamepanga mstari wanapokezana viroba chini ya mfereji. Mimi nilikuwa darasani, nimewazuia watoto wasitoke. Mama alikuwa amelala kwangu siku mbili kwa sababu ya kifua, nilidhani bado amelala. Kumbe alikuwa ameamka akarudi kwake. Akunna anasema alimwona anaingia jikoni na kapu la majimbi, akamfokea, "Mama, toka humo!" Mama akamjibu, "Watu wanaofanya kazi kwenye mvua hawatakiwi kula?" Alikuwa anawapikia. Akunna aliacha kiroba akakimbia, Ndubisi akamshika kiunoni akamwangusha. Asingemshika ningekuwa nakuandikia habari za watu wawili. Jiko lilikwenda lote kwa mara moja, na moshi wake. Wanasema moshi uliendelea kupanda kutoka chini kwa muda.

Walishuka kwa kamba mvua ilipopungua. Walimtafuta Alhamisi yote na Ijumaa. Ndubisi ndiye aliyempata, mbali, karibu na kijito. Walimfunga kwenye shuka wakampandisha wao wenyewe, hawakumruhusu mtu mzima yeyote kushika kamba.

Kisha ukaja ugomvi wa kumzika. Mke huzikwa kwenye ua wa mumewe, lakini ua wa Baba hauna pa kuchimba tena, ukingo umefika mlangoni, na kaburi la Baba mwenyewe limening'inia nusu. Wazee wakasema basi ni kwa mwana wa kwanza. Wengine wakasema nyumba haijafunguliwa, mwenyewe yu hai, nani atavunja geti? Wakakumbushana maneno ya Mama mwenyewe barazani, kwamba hakuna jembe litakalopita pale akiwa hai. Walisema hivyo, kaka, naye amelala pale pale shuleni, juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, amefunikwa turubai. Jumamosi saa nne bado walikuwa wanabishana.

Ndipo dereva akafika na barua yako.

Niliwasomea hapo hapo, nimesimama. Nilidhani sitaweza, lakini niliweza, neno kwa neno, mpaka "akili zangu timamu" na "popote mwalimu Ugoye atakapoonyesha". Nilipofika pale uliposema Mama alale ndani kuanzia leo, wazee wakavua kofia. Mlinzi alifungua bila kusomewa.

Niliwaonyesha mahali chini ya dirisha la chumba ulichomjengea. Saruji yako ni nene, mafundi hawakukuibia. Vijana wanane walipiga nyundo kwa kupokezana kuanzia saa sita mpaka saa kumi ndipo wakaufikia udongo. Tulimzika jioni. Mvua ilinyesha, na wazee wote walisimama kwenye saruji, hakuna aliyechafua kiatu. Nakuambia hilo kwa sababu najua utataka kujua.

Nilidhani vijana watakwenda nyumbani. Hawakwenda. Jumapili waliingia tena na nyundo, safari hii sitini na wawili wote, na wale wa kinyago pia. Mfereji wameuvunja. Mashimo manne yamekwisha, na mvua ya jana hakuna hata tone lililotoka kwenye bomba lako. Nilikwenda kusimama pale kwenye bomba nikatazama, halafu nikalia mpaka Akunna akaja kunichukua.

Nimekukasirikia, Okwudili, sitakuficha. Nimejikasirikia mimi pia, na Mama, na wazee, na mvua. Lakini sina ndugu mwingine, nawe huna. Njoo.

Limebaki shimo la tano. Ndilo kubwa, linatakiwa liwe pale maji yanapokusanyika, na hapo ni karibu sana na kichwa cha Mama. Vijana hawataki kuligusa bila wewe, wanasema hapo aseme mwana wa kwanza. Wamekaa kwenye ukuta na majembe yao tangu asubuhi, na upande wa mto kumeanza kuwa kweusi.

Mdogo wako,
Ugoye